Mti Wote Uonekane

Akiru wangu,

Hujaondoka bado na tayari nyumba imeanza kunyamaza. Umeenda kuaga wenzako wa kwaya, na mimi nimefunga studio mapema, nimekaa mlangoni kwenye kiti chako cha plastiki, karatasi nimeilaza juu ya sinia na kuibana kwa kikombe, maana upepo wa jioni hapa Kanamkemer unaujua. Namna ya kupanga nguo sitakuambia. Maji ya Kakuma, jua la Kakuma, watu wa kuepuka pale stendi, hayo yote umeyasikia mpaka ukawa unanijibu kabla sijamaliza. Barua hii ni ya jambo moja tu, lile tuliloliacha katikati leo mchana, nilipokuuliza mahali pale pa picha ni pa nani, ukafunga zipu ya begi la kamera ukaniambia, "Mama, mimi napiga picha tu. Mambo ya shamba si yangu."

Niliingia jikoni, ukadhani nimekasirika. Sikukasirika. Maneno hayo nilishawahi kuyasikia zamani, kwa sauti yangu mwenyewe.

Wacha nianze na huyu bwana, mteja wako wa kwanza huko. Mama Furaha wa studio unayokwenda kufanyia kazi alikuachia wewe mteja huyu kwa sababu magoti yake hayataki tena kutembea kwenye mchanga, na mimi nilimshukuru, maana si kila Mkongomani mwenye studio pale kambini angemwamini msichana wa Lodwar na mteja siku ya kwanza. Ulinipa simu nisikilize ujumbe wa sauti wa huyo bwana. Ulikuwa na furaha, ulitaka nisikie mteja anayejua anachotaka. Anaongea taratibu na kwa heshima, madam hii, madam ile. Anataka picha za familia yake, nje, kando ya mto Tarach, chini ya mti wa ewoi aliouchagua mwenyewe. "Sura si shida, madam," akasema. "Muhimu ni mti wote uonekane, na hiyo kilima ya nyuma." Halafu akaeleza kwamba watoto watakuja na nguo za kubadilisha, wavae hizi, wavue, wavae zile, "ikae tu kama ni siku tofauti tofauti."

Ulicheka, ukasema huyu mzee anapenda mitindo. Ulipoenda kuoga niliusikiliza tena ule ujumbe. Nikausikiliza na mara nyingine.

Mwanangu, tangu nishike kamera sijaona mtu anayeagiza picha ya familia halafu anasema sura si shida. Watu huja na sura zao tu. Mmoja anauliza kama jino lake lililovunjika litaonekana. Yule wa jumuiya yetu ndogo, unamjua, alitaka nimpunguze shingo, nikamwambia shingo ni kazi ya Mungu, mimi nina kamera tu, hakunisemesha mpaka Pasaka. Ndivyo watu walivyo, na ni sawa. Lakini mtu akianza kuulizia mti, ujue mti ndio unaopigwa picha. Yeye na watoto wake wameletwa kuupamba.

Kazi unaijua, nami sikuandikii kukufundisha upya. Ninachotaka ujue ni kwamba haya unayoyajua wewe kwa urahisi, mimi niliyajua kwa kuharibu. Bibi harusi wangu wa kwanza nilimsimamisha juani saa sita, kwenye changarawe, nikidhani mwanga ukiwa mwingi ndio picha inakuwa nzuri. Jua la juu linachimba macho. Picha zilipotoka, alizitazama, akamwita mama yake. Mama yake akaniambia, "Umenipigia mtoto kama maiti." Nikajifunza kungoja jua lilale. Kisha nikaipeleka kwaya nzima chini ya mti, nikiamini kivuli ni kivuli, wakatoka na madoadoa ya mwanga usoni kama chui waliovaa kanzu. Nikajifunza kusimamisha watu pale kivuli kinapoishia, jua liwe mgongoni mwao na mchanga mweupe uwe mbele yao, ndio uwatupie mwanga usoni. Mchanga wa mtoni ni taa aliyotupa Mungu bure. Nani alinifundisha? Hakuna. Ni aibu ndiyo iliyonifundisha, picha kwa picha.

Nikafikia mahali nikajiona fundi. Nikawa na neno langu la kuchagulia mahali. Mteja akiniuliza twende wapi, namwambia twende mahali patupu. Pasiwe na kitu nyuma ya kichwa, nguzo ya stima, kamba ya nguo, mbuzi, sufuria. Wewe pia unalitumia neno hilo, umelichukua kwangu, na leo ndilo linaloniuma.

Unajua mimi sikulelewa mtoni. Nililelewa misheni kule Nariokotome, nikasoma kidogo, nikaimba sana. Neno ekwar nililisikia kwa wazee tu, kwamba ni kipande cha miti ya kando ya mto kilicho cha familia fulani, na wao peke yao ndio huokota ng'itit, yale maganda ya ewoi ambayo mbuzi huyangojea kiangazi chote. Ukuta hakuna, kibao hakuna. Kuna miiba iliyolazwa chini, basi, na kila mtu anajua. Mimi nilijua hivyo kama ninavyojua habari za nchi ya mbali.

Wewe ulikuwa bado unabebwa mgongoni wakati bwana mmoja wa hapa mjini aliponipeleka ng'ambo ya Turkwel. Shati limepigwa pasi, mke mpole, watoto wazuri. Alinisalimia ejok vizuri, akauliza habari yako kwa jina. Mahali alikuwa ameshachagua mwenyewe, mti mkubwa wa ewoi umetandaza matawi kama meza. Akasogeza miiba kwa kiatu, kama mtu anayefungua mlango wa kwake. Chini ya mti palikuwa na jiwe la kusagia, limechimbika katikati kwa kusagiwa miaka na miaka, na kwenye panda ya mti pamewekwa ngozi ya mbuzi iliyokunjwa. Nikaangalia kwenye kamera. Jiwe limekaa mbele ya miguu ya mtoto mdogo, linaharibu. Nikamuuliza ni la nani.

"Hapa patupu, mama," akasema. "Wewe piga tu."

Nikaliviringisha mimi mwenyewe mpaka vichakani. Lilikuwa zito, lakini nilikuwa na nguvu wakati huo. Ngozi nikaishusha, nikaificha huko huko. Nikapangusa mikono, nikarudi kwenye kamera, nikafurahi kwamba sasa pamekuwa safi. Picha zilikuwa nzuri, Akiru, sitakudanganya. Pengine ni nzuri kuliko zote nilizopiga kabla yake. Alirudi wakati mwingine, watoto wamekua, akataka mahali palepale na nisimame palepale niliposimama. Akarudi tena baadaye. Nilidhani anaipenda kazi yangu. Niliwasimulia hata akina mama wa kanisani kwamba nina mteja asiyenibadilisha.

Mwenye mti alikuwa mama mmoja mzee, Mama Asekon. Muda huo wote alikuwa upande wa Kaaleng kwa binti yake aliyekuwa mgonjwa. Aliporudi alikuta nguzo zimechimbiwa. Akaenda kushtaki, wakaitwa wote barazani, yeye na yule bwana, na bwana akaja na picha zangu. Akazipanga mezani kwa utaratibu, watoto wadogo, watoto wakubwa kidogo, watoto wakubwa, mti nyuma yao ni uleule. Akasema, mtu anayeishi mahali huonekana mahali. Wakamuuliza Mama Asekon zake ziko wapi. Hakuwahi kupigwa picha hata moja maishani.

Wakaniita. Mwenyekiti akaniuliza kama ni mimi niliyezipiga, nikasema ni mimi. Nikaendelea, sikungoja kuulizwa. Nikasema palikuwa na jiwe la kusagia na ngozi, na palikuwa na miiba, na kwamba jiwe nililitoa kwa mikono yangu ili picha ipendeze. Akachukua picha moja, akaisogeza karibu na macho, akaipeleka mbali, akaigeuza hata nyuma kwenye muhuri wa studio.

"Mama Akiru," akasema, "hapa mimi sioni jiwe."

Watu wakacheka kidogo. Hawakuwa wabaya. Nami nikabaki nimesimama pale na ukweli wangu mkononi kama mtu aliyeleta noti ya nchi nyingine. Yule bwana alinitazama bila hasira yoyote. Alitabasamu, mwanangu. Tabasamu hilo hunijia hata leo nikiwa nafagia.

Mama Asekon hakuutaja mti. Aliziinamia zile picha, moja moja, kama anatafuta sindano iliyoanguka mchangani. Alipomaliza ya mwisho akanigeukia, akaniuliza kwa Kiturkana, polepole, kama mtu anayeuliza kitu kilichopotea nyumbani tu, "Jiwe langu uliliweka wapi?"

Mti ulikatwa. Zile nyumba za kupangisha zenye mabati mekundu unazoziona ng'ambo ukiwa darajani, ndipo. Nililitafuta jiwe vichakani, nikalipata, nikamkodia mtu wa mkokoteni akalileta hapa uani, nikamwita Mama Asekon alichukue. Akalitazama, akaniuliza, "Nikasagie wapi?" Lakini alikaa. Aliweka mkono juu yake, akasema nimpige. Ile picha iliyo juu ya redio, ambayo ulipokuwa mdogo ulikuwa unaisalimia ejok kila asubuhi ukidhani ni nyanya yako, ni yeye. Na jiwe ni lile unalokalia ukisukwa nywele. Hakurudi kulichukua. Alifia huko kwa binti yake. Mwaka mmoja padri alipofika kwenye maneno ya watu wanaosogeza mawe ya mipaka, nilitoka nje ya kanisa nikasingizia simu. Wewe ndiye uliyenifuata, ukaniambia simu yangu iko kwenye pochi yako.

Sasa rudi kwa huyu bwana wa Kakuma. Hata Mama Furaha, nilipompigia jioni hii kumsalimia, nilimuuliza habari zake kama kwa bahati. Akasema kwa Kiswahili chao, "Mutoto wako ni mutoto wangu, dada. Lakini huyu muzee, miye sauti yake sikuipenda." Nikamuuliza kwa nini. Akasema hajui, labda ni kwa sababu anashukuru kabla hajapewa.

Ulinitumia ile picha ya mahali ili nikuambie mwanga utatoka wapi. Nitakuambia. Jioni jua litashuka nyuma ya kile kilima, mti utakuwa na ukingo wa dhahabu, na mchanga wa Tarach utawapa nyuso zao mwanga laini. Ungeniuliza kama fundi, ningesema hujapata mahali pazuri kuliko hapo. Nami ningekuwa nimekutuma kama nilivyojituma.

Lakini nimeikuza ile picha, Akiru. Nimeikuza kwa vidole viwili mpaka ikaanza kuvunjika vipande. Wewe umekulia hapa, unajua chini ya ewoi kukoje wakati kama huu. Kuna mavi ya mbuzi, kuna maganda yaliyokanyagwa, kuna vijiti, kuna jivu la mtu aliyechemsha chai. Hapo hakuna hata kimoja. Pamefagiwa. Ukitazama vizuri karibu na shina utaona alama za ufagio, mistari mizurimizuri kama ya mbele ya kanisa Jumamosi. Mtu hafagii chini ya mti usio na mtu. Anafagia ili usiwe na mtu.

Nimekaa na jambo hili tangu mchana, na rozari ya leo nimeisali nusu. Nilifikiri nikukataze. Halafu nikafikiri, ukikataa kazi atampata mwingine kabla hujamaliza kukata simu, siku hizi kila kijana ana kamera mfukoni, na huyo mwingine hatakuwa na mama wa kumwandikia. Nikafikiri niende nawe. Ungeniambia, Mama, nitaonekana mtoto. Kweli, ungeonekana mtoto. Kwa hiyo nakuandikia, na utafanya utakavyoona.

Ila nina ombi, na ni la mtu anayeogopa, kwa hiyo lisikilize hivyo. Ukifika Kakuma, nenda kwenye huo mti kabla ya siku yake. Usiende peke yako, maana mtu aliyefagia hapendi kuulizwa. Nenda na Mama Furaha, mwambie nimemwomba kwa magoti yake yote mawili. Kamera ibaki nyumbani. Usimwambie bwana kwamba unakwenda. Mkifika, msiingie. Simama nje ya mahali ambapo miiba ingekuwa imelazwa, hata kama hamna miiba, na upige hodi. Najua utacheka, hodi kwa mti. Piga hivyo hivyo, kwa sauti ya kusikika, halafu ukae. Wenyewe huenda wako malishoni na mifugo, huenda wamehama kufuata nyasi na watarudi, huenda ni mtoto mmoja tu aliyeachwa na mbuzi wachache. Atatokea mtu. Pale ambapo sisi tunaona patupu, ni kwamba hatujakaa vya kutosha.

Akitokea, msalimie vizuri, muulize mti ni wa nani na ng'itit anaokota nani. Akikuambia ni wao, basi rudi na kamera yako na umpige yeye kwanza. Umpige na sufuria zake, na dumu lake la njano, na mbuzi akiingia mbele muache apite. Mti wote uonekane, kama alivyosema yule bwana, na kilima nyuma. Picha hiyo umpe yeye mkononi. Baada ya hapo ukitaka kumpiga bwana na watoto wake na nguo zao za siku tofauti tofauti, sitakuuliza kitu.

Na asipotokea mtu?

Kuna kitu kingine kwenye ile picha, sikukuambia mchana kwa sababu nilitaka kuwa na hakika, na sasa nina hakika, nimeiangalia mpaka simu imeniomba chaji. Upande wa kushoto, kama hatua chache kutoka kwenye shina, pana duara ardhini ambapo udongo ni mweupe kuliko mahali pengine. Ni udongo usioona jua muda mrefu. Kitu kizito kilikuwa kimekaa hapo, kimekaa miaka. Na kutoka kwenye hilo duara pana mstari, ufagio umejaribu kuufuta haukuweza, unakwenda mpaka ukingo wa picha, halafu picha inaisha.

Mimi naujua mstari huo. Niliwahi kuuchora mwenyewe.

Nasikia sauti zenu barabarani, mnakuja mkiimba wimbo wa kuagana, na wewe kama kawaida unauanza ubeti wa pili kabla ya wenzako. Nakukunjia barua hii kwenye begi la kamera, kwenye kile kimfuko cha betri, ambapo ukifungua ili uanze kazi lazima mkono wako uiguse. Malaika wako akutangulie barabarani, na asichoke njiani.

Ukipiga hodi hapo na usiitikiwe na mtu, usitoe kamera. Ufuate kwanza huo mstari, Akiru, uone unaishia wapi.

Mama yako